Alama za GMAT Zisiporidhisha: Kurudia au Kuhamia GRE?

Mwombaji wa shahada ya uzamili ya biashara (MBA) katika vyuo vya Marekani na Ulaya mara nyingi hutakiwa kuwasilisha alama za mtihani wa GMAT au GRE, na vyuo vingi hupokea wowote kati ya hiyo miwili. Kwa sababu hiyo, anayepata alama chini ya matarajio hushawishika kuhamia mtihani mwingine papo hapo. Kabla ya kulipa ada nyingine kwa dola na kutumia miezi mingine ya maandalizi, inafaa apime mambo yafuatayo.

Je, alama ni za chini kweli?
Tangu Februari 2024 limebaki toleo moja tu la GMAT, ambalo alama zake ni 205 hadi 805. Kipimo hicho hakilingani na kile cha zamani cha 200 hadi 800: alama 645 za sasa ni sawa takriban na 700 za zamani. Anayejilinganisha na wastani uliochapishwa miaka ya nyuma anaweza kujihesabu ameshindwa ilhali amefaulu.

Alama zilipotelea wapi?
GMAT ina sehemu tatu, kila moja ya dakika 45: hisabati, lugha na uchambuzi wa takwimu. Katika hisabati hakuna jiometri, wala kikokotoo hakiruhusiwi. GRE huchukua muda unaokaribia saa mbili. Ina insha moja, maswali ya lugha yanayodai msamiati mpana wa Kiingereza, na hisabati yenye jiometri ambamo kikokotoo huruhusiwa. Basi aliyeangushwa na sehemu ya takwimu, au na kukokotoa kwa mkono, ana sababu ya kuifikiria GRE. Aliyeangushwa na kusoma polepole au misingi dhaifu ya aljebra atakutana na udhaifu uleule huko anakokwenda.

Jaribio la bure litangulie malipo
Waandaaji wa kila mtihani hutoa katika tovuti zao majaribio mawili kamili bila malipo. Mwombaji afanye jaribio moja la GRE kwa muda uliopangwa, bila kusitisha, kisha alinganishe nafasi yake ya asilimia katika mitihani yote miwili. Asilinganishe alama zenyewe, kwa kuwa vipimo ni tofauti: kila sehemu kuu ya GRE hupimwa kwa 130 hadi 170. Tofauti ikiwa ndogo, kuhama hakuna faida; muda huo utumike kurekebisha udhaifu uliokwisha kujulikana.

Kalenda
GMAT hurudiwa baada ya siku 16, na GRE baada ya siku 21. Kila mmoja haufanywi zaidi ya mara tano katika miezi 12. Anayehama huanza upya kujifunza aina za maswali. Tarehe ya mwisho ya maombi ikiwa karibu, kurudia mtihani uliozoeleka huwa salama zaidi. Alama za mitihani yote miwili hudumu miaka mitano, na mwombaji huchagua zipi zitumwe. Hata hivyo, asome kwanza masharti ya kila chuo.

Tahadhari kwa wauzaji
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakuna mwalimu wala kampuni inayoweza kuahidi alama fulani. Anayedai kwamba GRE ni rahisi kwa kila mtu anauza kozi, hatoi ushauri. Mwombaji adai mkataba wa maandishi wenye masharti ya kurejeshewa fedha, na atunze stakabadhi. Anayeuza maswali ya mtihani halisi aepukwe kabisa, kwani mnunuzi hujiweka katika hatari ya kufutiwa alama.

Kwa ufupi, mwombaji ahame pale jaribio la bure linapoonyesha nafuu iliyo wazi na muda ungalipo. Akihama kwa uchungu wa matokeo peke yake, atalipa mara mbili kwa tatizo lilelile.