Bunduki kwa Kibali, Uhuru kwa Haki: Mgombea Aulizwe Nini?

Tuseme mgombea amefika kwenye mkutano wa hadhara Mbangala, Wilaya ya Songwe. Mbele yake wameketi mkulima ambaye mahindi yake yanaliwa na nyani na nguruwe pori, mfugaji anayehofia wezi wa ng'ombe, na mchimbaji mdogo wa dhahabu ambaye akiba yake yote iko chini ya godoro. Mmoja anasimama na kuuliza: "Ndugu mgombea, tukikuchagua utatusaidia tupate bunduki za kujilinda?" Mwingine anafuata: "Na tukitaka kukutana kuzungumza matatizo yetu, ni nani wa kutupa ruhusa?"

Maswali haya yanafanana kwa sura. Yote yanazungumzia ruhusa, na yote yanazungumzia usalama wa mnyonge. Lakini majibu yake ni tofauti kabisa, na kada asiyeiona tofauti hiyo atawapotosha wananchi. Makala hii inakusudia kuifafanua.

Silaha katika historia yetu

Chini ya ukoloni bunduki ilikuwa alama ya bwana. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wazee wetu wenye mikuki na magobore walikabiliana na mizinga ya bombom ya Wajerumani. Hata hivyo, uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 haukupatikana kwa mtutu. Ulipatikana kwa umoja, kwa mikutano na kwa hoja. Chama kilichokua kwa mikutano hakiwezi kusahau thamani ya mkutano.

Januari 1964 tulipata somo la pili. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na Serikali ya nchi huru ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Ilikuwa fedheha. Hapo tulijifunza kwamba silaha isiyo chini ya mamlaka ya umma ni hatari kwa umma wenyewe. Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisema ulinzi wa taifa ni kazi ya umma mzima, na mgambo wakapewa mafunzo nchini kote. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, mgambo walisimama bega kwa bega na wanajeshi mpaka utawala wake ukaanguka mwaka 1979. Lakini tuelewe vizuri jambo hili: bunduki aliyoishika mgambo haikuwa mali yake. Alikabidhiwa kwa kazi ya taifa, chini ya amri na kwa hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga na Tabora walianzisha Sungusungu. Kwa pinde, mishale na filimbi waliwakabili wezi wa mifugo, na wizi ulipungua. Sifa hiyo wanaistahili. Lakini ni kweli pia kwamba watu waliteswa na kuuawa bila kufikishwa mahakamani, wakiwemo wanawake waliosingiziwa uchawi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili Sungusungu watambuliwe na kuwekwa chini ya utaratibu. Somo ni kwamba hata upinde, ukikosa sheria, unaweza kumgeukia mnyonge uliokusudiwa kumlinda.

Sheria zinasemaje?

Katika Katiba ya mwaka 1977 hakuna ibara inayompa raia haki ya kumiliki bunduki. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kulilinda taifa. Ibara ya 147 inakataza mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama kinachotaka kufikia malengo yake ya siasa kwa mabavu. Mwaka 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa ikakataza chama chochote kuunda kikundi cha ulinzi. Tuseme wazi: katazo hilo linahusu vyama vyote, chama tawala kikiwemo.

Raia anaweza kumiliki bunduki, lakini kwa kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayeomba huchunguzwa, silaha yake husajiliwa, na kibali kinaweza kufutwa.

Wenzetu wa Marekani wana mapokeo mengine. Badiliko la pili la Katiba yao, la mwaka 1791, linataja haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi. Ndiyo maana kule mgombea huulizwa msimamo wake juu ya bunduki kabla hata ya kuulizwa habari za shule. Kwetu suala hilo halijawa mpaka unaotenganisha vyama. Jirani zetu wa Kenya, katika Ibara ya 37 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wameliweka vizuri: kila mtu ana haki ya kukutana na kuandamana kwa amani na bila silaha. Hapo haki na bunduki zimetenganishwa katika sentensi moja.

Uhuru si kibali

Sasa tuligeukie swali la pili. Hapa hatuna budi kujikosoa.

Wakati wa uhuru, Serikali ilikataa kuweka hati ya haki katika Katiba. Hoja zilikuwepo: taifa lilikuwa changa, mahakimu wengi walikuwa wageni, na ilihofiwa kwamba mipango ya maendeleo ingekwamishwa mahakamani. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuweka watu kizuizini. Ilitubidi kungoja mpaka mjadala wa Katiba wa mwaka 1983 na mabadiliko ya mwaka 1984 ndipo haki hizo zikaandikwa, na wananchi wakaanza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Hatukuwahi kuwa watu tusiostahili haki kwa miaka ile. Zilichelewa tu kuandikwa.

Tangu hapo mahakama zimefanya kazi kubwa. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomnyima dhamana mtu aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, aliamua kwamba kumlazimu raia aombe kibali ndipo afanye mkutano ni kuivunja Katiba.

Pamoja na hayo, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, na zuio hilo likaondolewa tarehe 3 Januari 2023. Wako makada walioshangilia kuondolewa kwake kama zawadi. Hilo ni kosa la nadharia. Haki ikirudishwa, mwenyewe amerudishiwa chake.

Wajibu wa mwenye bunduki

Kuna mapatano yasiyoandikwa kati ya wananchi na dola. Wananchi wamekubali kwamba silaha za vita zikae kwa dola peke yake. Nayo dola imekubali kwamba haitazigeuza dhidi yao nje ya sheria. Ndiyo maana mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Jeshi lilitolewa katika siasa, na wanajeshi wakakatazwa kujiunga na chama chochote. Bunduki ya umma haiwezi kuwa na kadi ya chama.

Mapatano haya yakivunjwa, gharama yake ni kubwa. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilikusudia kuwasaka majangili na silaha zao. Lengo lilikuwa jema. Lakini Kamati ya Bunge ilionyesha kwamba raia waliteswa, wakaporwa mali na wengine wakafa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 watu walipoteza maisha katika ghasia, na ikaundwa Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kada hawezi kuyafumbia macho mambo haya akadai kuwa anawafundisha wananchi utii wa sheria. Anayemdai mkulima kibali cha gobore lake hana budi kuidai dola hesabu ya kila risasi.

Mgombea aulizwe nini?

Kwa hiyo wananchi, na kwanza makada wenyewe, wamwulize kila mgombea, wa chama chochote, maswali manne:

1. Je, unakubali kwamba mikutano na maoni ni haki ya raia, hata ya yule anayekupinga?

2. Je, utasimamia vibali vya silaha vitolewe kwa haki, mnyonge asizungushwe wakati mwenye fedha anapewa?

3. Je, utakataa kutumia mgambo au vijana wa chama kutisha wapiga kura?

4. Je, askari akivunja sheria, utadai achukuliwe hatua kama raia mwingine?

Mgombea anayejibu la kwanza kwa kusitasita, mengine asipoteze muda kuyajibu.

Turudi Mbangala. Mkulima aambiwe ukweli: bunduki ni kwa kibali, na ulinzi wa shamba lake usiishie kwake peke yake, idara ya wanyamapori, polisi na kijiji wanao wajibu huo, nao wadaiwe. Na yule aliyeuliza nani wa kumpa ruhusa ya kukutana na wenzake, naye aambiwe ukweli: ruhusa hiyo anayo tayari. Kazi ya kiongozi ni kuilinda.