Vitumbua kwenye baridi ya Gitega

WAPO waliorejea kutoka Tanzania ambao mtaji wao wote ulikuwa chuma kizito cheusi chenye vishimo. Kambi ya Lukole, wilayani Ngara, ilifungwa 2008. Mtabila, mkoani Kigoma, ikafuata mwishoni mwa 2012, na tangu 2017 misafara mingine imevuka mpaka. Huko ng'ambo abahungutse walizoea chai ya asubuhi kwa vitumbua, na biashara hiyo wameibeba hadi Muyinga na Gitega.

Tatizo ni kwamba kitumbua ni mtoto wa Pwani. Mapishi yake yanasema: loweka mchele usiku kucha, usage na tui la nazi, tia sukari, iliki na hamira, acha saa moja uumuke. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Muyinga nayo ni ya milimani. Usiku wa Juni hadi Agosti hamira hulala. Anayechoma kwa kufuata saa ya Dar es Salaam hupata vidonge vigumu, na kwa mwenye kilo mbili tu za mchele, hiyo ni hasara ya siku nzima.

Dawa yake ni kutotazama saa. Tazama rojo: liwe limepanda na kujaa mapovu. Weka chombo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu ambayo kidole kinavumilia, maana maji ya moto huua hamira. Wengine hukoroga rojo jioni na hamira kidogo, wakaliacha lijiumukie taratibu hadi alfajiri.

Siri ya pili ni uji. Chota upawa mmoja wa rojo kabla ya kutia hamira, upike mpaka uwe mzito, upoze, kisha urudishe. Wanga ulioiva hushika maji, kitumbua kikabaki laini hadi mchana. Wajapani nao wanaujua mchele kwa njia yao: mochi yao ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke na kutwangwa kinuni, na siku hizi wapo wanaoubana vipande vyake katika chuma cha gofure mpaka nje vikauke na ndani vivutike. Mchele wetu wa kawaida haunati hivyo. Ukitaka kuujaribu kwenye gofure, paka mafuta pande zote mbili na usifungue mapema, la sivyo utabandua vipande vipande.

Nazi haioti milimani kwetu. Huja kwa barabara ya Kobero. Ikipanda bei, maziwa ya ng'ombe yanafaa, ila yanaunguza haraka, kwa hiyo punguza makaa. Sukari nyingi nayo hugandisha kitumbua kwenye chuma. Chuma kipya kipashwe moto na mafuta mara mbili tatu kabla ya kazi, na kisisuguliwe kwa mchanga kila jioni kama sufuria ya maharage!

Soko lipo. Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa tangu 2019, na wanaotafuta chai kabla ya kazi si haba. Ngano nyingi tunanunua nje, lakini mpunga unalimwa Imbo na katika mabonde ya ndani. Muuzaji ahesabu kilo moja ya mchele imetoa vitumbua vingapi, atoe makaa, mafuta na sukari, ndipo apange bei. Anayeiga bei ya maandazi ya jirani anajidanganya.

Kwa mnaoleta nazi na iliki: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa shehena zisizozidi dola 2,000 zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Huondoa ushuru wa forodha, si kila tozo, na bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ulizeni orodha hiyo forodhani Kobero kabla ya kupakia mzigo Ngara.