Nuru Ifaayo kwa Picha za Kazi za Mikono

Mnunuzi aliye mbali hakishiki kinyago. Huiona picha tu, na kwa picha hiyo huagiza. Picha ikidanganya rangi, mzigo hurudishwa na hasara huwa ya chama.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: meza, karatasi kubwa nyeupe, kadi nyeupe, shuka jeupe jepesi na dirisha. Karatasi iegemezwe ukutani na kuteremshwa hadi mezani bila kuikunja. Kitu kiwekwe juu yake, dirisha likiwa ubavuni; upande wa pili isimamishwe kadi, irudishe nuru na kupunguza kivuli. Jua likiingia moja kwa moja, dirisha lifunikwe kwa shuka.

Usiku, taa mbili za balbu za aina moja zatosha, kila moja ikimulika kupitia shuka. Shuka lisiguse balbu, lisije likaungua. Nuru ya taa isichanganywe na ya dirisha, kwa maana balbu ya manjano hulifanya jiwe jeupe la Kisii lionekane kama samli.

Mpingo wahitaji uangalifu zaidi. Ukiwekwa mbele ya weupe mtupu, kamera, hata ile ya simu, huufuata weupe na kupunguza mwanga, nayo michongo hupotea gizani. Hapo mwanga wa kamera uongezwe kidogo.

Hatimaye, katibu ailinganishe kila picha na kitu chenyewe kabla ya kuituma, na aandike vipimo vyake kwa sentimita.