Chupa ya Soda na Merikebu Iliyozama

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jua likiwa kali, mnunuzi afungua chupa ya soda. Kinywaji kilikuwa kimetulia. Mara mapovu yafoka hadi mdomoni mwa chupa. Hewa ya ukaa, iliyoyeyushwa humo kwa kanieneo kubwa, imepata njia ya kutoka. Kanuni hiyo hiyo hutawala uhai wa mpiga mbizi.

Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, imelala Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ilifukuliwa na wapiga mbizi walioongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo ya angahewa moja. Katika kina cha mita 15, mpiga mbizi huvuta hewa yenye kanieneo mara mbili na nusu ya ile ya ufukweni, na naitrojeni huyeyuka katika damu yake. Apandapo polepole, hutoka kwa salama kupitia mapafu. Apandapo kwa pupa, mwili huwa kama chupa iliyofunguliwa: mapovu huziba mishipa, naye aweza kupooza au kufa.

Mbao nazo hazitaki pupa. Tope la bahari huzikinga na oksijeni na viumbe watobao mbao. Zikitolewa na kukauka ghafla, husinyaa na kupasuka. Merikebu Vasa ya Uswidi, iliyozama mwaka 1628 katika Bahari ya Baltiki, ambamo viumbe hao ni adimu, iliinuliwa mwaka 1961. Ilinyunyiziwa kemikali ifananayo na nta kwa miaka 17 kabla ya kukaushwa. Huko Mombasa, vyombo vilivyopatikana vilihifadhiwa makumbushoni. Kiunzi cha merikebu kilipimwa, kikachorwa, kisha kikafukiwa tena mchangani.

Kwa hiyo, aonaye ubao wa kale chini ya bahari asiung'oe, bali awaarifu wataalamu. Kuung'oa ni kuuangamiza.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa chupa mbili za soda zenye vifuniko vya kuzungushwa: moja ifunguliwe ghafla, ya pili kidogo kidogo. Wanafunzi waeleze ni chupa ipi iliyo mfano wa mpiga mbizi arudiye nyumbani salama.