Mchagua Nazi na Koroma Yake: Uteuzi wa Masomo ya Hiari katika Shule za Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hii humwonya yule anayechambua mno hata akaishia kuambulia kilicho duni. Katika suala la masomo ya shule ya upili, hata hivyo, yanayotokea mara nyingi ni kinyume cha methali: asiyechagua ndiye anayeangukiwa na koroma. Mwanafunzi wa miaka 15 au 16 hukabidhiwa karatasi, akaandika majina ya masomo mawili matatu ambayo rafiki yake pia ameyaandika, akairudisha kwa mwalimu kabla ya kengele ya mapumziko kulia. Dakika hizo chache huweza kumfungulia mlango wa taaluma aliyoiota tangu utotoni, au kuufunga pasi na yeye kujua kwamba umefungwa.

Makala haya yanafafanua jinsi uteuzi wa masomo ya hiari, hasa ya ufundi na teknolojia, unavyofanyika nchini Kenya, kwa kurejelea kaunti za Meru na Embu. Hoja kuu ni kwamba hiari hiyo ina mipaka. Somo lililo katika orodha ya serikali si lazima liwe katika shule ya kijijini, na somo lililo shuleni si lazima liwe ndilo linaloongoza kwenye kazi ambayo mwanafunzi anaifikiria. Mwanafunzi asiyeijua mipaka hiyo huchaguliwa na hali badala ya kuchagua mwenyewe.

Chanzo cha Shaka

Mzazi anaposikia kwamba mwanawe anataka kusomea useremala au uashi, mara nyingi hushtuka. Huona kwamba karo aliyoilipa kwa jasho la kahawa au majani chai imepotea bure. Hofu hii ina historia. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na katika ripoti yake ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na kazi za mikono. Waafrika wengi waliliona pendekezo hilo kuwa njia ya kuwaweka chini: mtoto wa mlowezi asomee sheria na udaktari, naye mtoto wa Mwafrika ashike randa na jembe. Shule huru zilizoenea katika maeneo ya Mlima Kenya baada ya mwaka 1929, Embu ikiwemo, zilikuwa na sababu nyingi za kuanzishwa, na mojawapo ilikuwa kiu ya elimu ya vitabuni iliyo sawa na ya wengine. Kwa hivyo, dharau dhidi ya masomo ya ufundi haikuzaliwa na uvivu. Ilizaliwa na ubaguzi.

Serikali huru ilijaribu kuiondoa dharau hiyo. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza mfumo uliokuja kujulikana kama 8-4-4, ulioanza kutekelezwa mwaka 1985, na ambao ulikusudia kumpa kila mwanafunzi ujuzi wa kujitegemea. Wazazi walichanga kwa harambee ili karakana na vyumba vya sayansi kimu vijengwe. Lakini jengo si somo. Karakana isiyo na mashine, mbao wala mwalimu aliyefuzu haimfundishi mtu lolote. Masomo hayo yalikuwa ghali na mzigo wa mtaala ulikuwa mzito. Malalamiko yakazidi, na Tume ya Koech iliyotoa ripoti yake mwaka 1999 ikapendekeza mabadiliko makubwa. Hatimaye masomo kama vile useremala, ufundi wa vyuma, umeme na umekanika yalisalia katika shule chache, huku kilimo, elimu ya biashara na baadaye tarakilishi yakiwa ndiyo masomo ya hiari yanayopatikana kwa wepesi zaidi.

Jinsi Mlango Unavyofungwa

Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi huteua masomo yake anapokaribia kuingia Kidato cha Tatu. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima. Huongeza sayansi zisizopungua mbili kati ya Biolojia, Kemia na Fizikia, na angalau somo moja la jamii kama vile Historia, Jiografia au elimu ya dini. Baada ya hapo ndipo masomo ya ufundi na matumizi, lugha za kigeni, Muziki na Elimu ya Biashara huingia. Mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua saba. Kikundi cha mwisho cha mfumo huu ni kile kilichoingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, ambacho mtihani wake ni wa mwaka 2027.

Kosa linalotokea sana ni kuyapima masomo kwa wepesi wa kupata alama pekee. Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi anayeiogopa Fizikia huiacha, akabaki na Biolojia na Kemia, akapata wastani wa B+ na kushangiliwa kijiji kizima. Anapotaka kusomea uhandisi wa ujenzi ndipo anapogundua kwamba wastani wake mzuri haumsaidii. Nafasi za vyuo vikuu hutolewa kwa kuzingatia wastani pamoja na alama za kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi yenyewe, na kundi la uhandisi haliwezi kukamilika bila Fizikia. Utaratibu huu ulitumiwa na Bodi ya Pamoja ya Uteuzi, na unatumiwa na KUCCPS, asasi iliyoirithi bodi hiyo baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Wastani wa C+ humfikisha mtahiniwa kwenye lango la shahada, lakini masomo aliyoyateua ndiyo yanayoamua ni chumba kipi ataruhusiwa kuingia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba jina la somo ni sawa na jina la kazi. Mwanafunzi huchagua Kilimo kwa kuwa anataka kuwa mtaalamu wa kilimo, huku akizembea katika Kemia. Shahada ya kilimo yenyewe husimama juu ya Biolojia na Kemia, kwa maana udongo, mbolea na dawa za wadudu ni mambo ya kemia. Somo la Kilimo humpa msingi na hamu, lakini haliwezi kuziba pengo la sayansi iliyo chini yake.

Aidha, tangu mtihani wa mwaka 2023, kanuni ya kukokotoa wastani ilibadilishwa. Hapo awali alama za lugha zote mbili, Hisabati, sayansi mbili na somo la jamii zilihesabiwa, na nafasi moja tu ikabaki kwa somo jingine. Baada ya mabadiliko, hesabu ilichukua Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa namna hii somo la hiari lilipata uzito ambao halikuwa nao. Mwanafunzi hodari wa Sanaa au Umeme hana tena sababu ya kuliona somo lake kuwa pambo la cheti.

Mtaala wa Umilisi na Chaguo la Mapema

Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na wanafunzi wake wa kwanza walifanya tathmini ya Gredi ya Tisa mwishoni mwa mwaka 2025, kisha wakaingia Gredi ya Kumi Januari 2026. Katika sekondari pevu kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mwanafunzi huteua masomo matatu ya hiari juu ya yale ya lazima, Kiswahili kikiwa miongoni mwayo.

Mambo mawili katika mpangilio huu yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba Kilimo, Sayansi Kimu, Tarakilishi, Umeme, Ujenzi na Useremala yamewekwa ndani ya mkondo wa sayansi, bega kwa bega na Fizikia na Kemia. Somo lililodhaniwa kuwa la waliolemewa na vitabu sasa limo katika mkondo mmoja na somo la daktari mtarajiwa. Kwa wapenzi wa lugha, Fasihi ya Kiswahili nayo ni somo la kuteuliwa katika sayansi za jamii, na mwanafunzi anayeipenda anaweza kuifuata kwa dhati bila kuombwa radhi na yeyote.

La pili ni gumu zaidi. Chaguo limesogezwa mapema. Kikundi cha kwanza kilitakiwa kuteua mikondo na kuorodhesha shule 12 katikati ya mwaka 2025, kabla ya tathmini ya mwisho, na kikafanya hivyo kikiwa bado katika madarasa ya sekondari msingi yaliyo ndani ya shule za msingi. Mtoto wa Gachoka au Igembe ambaye hajawahi kuiona karakana aliombwa aamue kama anataka kusomea ufundi wa vyuma. Na kwa kuwa si shule zote zinazotoa mikondo yote mitatu, kuchagua shule kumekuwa sawa na kuchagua masomo. Yule aliyeichagua shule kwa sababu ya sifa za jina lake, au kwa kuwa basi lake ni zuri, huenda akafika na kukuta somo alilolitaka halifundishwi.

Mahitaji ya Meru na Embu

Ni kinaya kwamba masomo ya kilimo na ufundi yadharauliwe katika eneo ambalo uchumi wake wote unayategemea. Kinoro na Githongo kwa upande wa Meru, na Mungania na Rukuriri kwa upande wa Embu, kuna viwanda vya majani chai. Kiwanda cha aina hiyo kinahitaji fundi wa mitambo ya mvuke, fundi wa umeme, mpimaji wa ubora na mhasibu. Huko Timau kuna mashamba makubwa ya ngano na maua. Katika mto Tana, mpakani mwa Mbeere, yamo mabwawa ya umeme yaliyoanza na Kindaruma mwaka 1968, na la Gitaru lina uwezo wa megawati 225. Mtoto wa Mbeere hulisha mbuzi chini ya nyaya za umeme zinazoelekea Nairobi, lakini huenda akamaliza shule bila kufundishwa jinsi umeme huo unavyozalishwa.

Miraa nayo ina funzo. Uingereza ilipoupiga marufuku mmea huu mwaka 2014, wakulima wa Igembe na Tigania walipoteza soko kubwa kwa siku moja. Kadhia hiyo ilionyesha kwamba mkulima wa leo anahitaji watu wake wanaojua sheria, biashara ya kimataifa na kemia ya mimea, si wachumaji tu. Kijana anayeacha shule kwa kuwa miraa au muguka humpa pesa za haraka, huenda akabaki bila la kufanya siku soko linapofungwa.

Milango ya kuendeleza masomo hayo iko karibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Taasisi ya Ufundi ya Meru ilipandishwa hadhi mwaka 2016 kuwa chuo cha kitaifa cha ufundi anuwai, na huko Mbeere kuna chuo cha ufundi chenye jina la Jeremiah Nyagah. Mwanafunzi ambaye hakufikia C+ hajafika mwisho wa safari; njia ya stashahada huanzia C-, na mwenye stashahada anaweza kuendelea hadi shahada.

Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuteua

Uteuzi wa busara huanza na maswali machache. Kwanza, kozi ninayoiwazia inadai masomo gani manne? Jibu lisitafutwe kwa jirani bali katika mwongozo wa uteuzi wa vyuo. Pili, je, shule hii ina mwalimu wa somo hilo, vifaa vyake, na watahiniwa waliolifanya miaka iliyotangulia? Tatu, gharama yake ni ipi? Kilimo na Tarakilishi huwa na mradi unaotahiniwa, na mradi huhitaji muda na vifaa. Nne, je, alama zangu na mapenzi yangu vinaelekea upande mmoja? Tano, je, ninalikataa somo kwa sababu ya uwezo wangu au kwa sababu ya jinsia yangu? Hakuna sheria inayomzuia msichana kusomea umekanika wala mvulana kusomea sayansi kimu; kinachowazuia ni mzaha wa wenzao.

Maswali haya si ya mwanafunzi peke yake. Mwalimu wa ushauri na mwelekezo ana wajibu wa kuyauliza mapema, kabla ya karatasi kugawanywa. Mzazi naye anafaa kuitembelea shule na kuiona karakana kwa macho yake kabla ya kununua sare.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shaka juu ya masomo ya ufundi ilirithiwa kutoka enzi ya ukoloni, kwamba masomo huungana na taaluma kwa vifundo ambavyo havionekani juu juu, na kwamba mtaala wa umilisi umemwongezea mwanafunzi uhuru huku ukimpunguzia muda wa kuutumia. Meru na Embu zina mashamba, viwanda, mabwawa na vyuo. Kinachopungua ni mtu wa kumwonyesha mtoto wa Gredi ya Nane jinsi vitu hivyo vinavyohusiana na masomo atakayoyateua. Nazi iliyokomaa hujulikana kwa kutikiswa, na anayeinunua bila kuitikisa hana wa kumlaumu akiipasua na kukuta koroma.