Tibet na Majirani Zake Wakuu

Kaskazini ya milima ya Himalaya pana uwanda wa juu ulio mkubwa kupita wote duniani, na huko ndiko iliko nchi ya Tibet. Sehemu yake kubwa imeinuka zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Mvua ni haba, baridi ni kali, na wenyeji hupanda shayiri mabondeni na kuchunga kondoo na yak, yaani ng'ombe wenye manyoya marefu. Mtu angedhani kwamba hakuna mfalme wa mbali ambaye angeitamani nchi kama hiyo. Lakini kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi, dola baada ya dola zimefanya mapatano juu yake. Habari zake zaonyesha jinsi mkataba uliokosa mmoja wa wenye shauri usivyoweza kumaliza shauri.

NGUZO YA JIWE

Wako wanaodhani kwamba Watibet walikuwa watu wa sala tu tangu zamani. Sivyo. Katika karne ya saba mfalme Songtsen Gampo aliziunganisha koo za nchi ile zikawa dola yenye nguvu, na mwaka 641 mfalme mkuu wa China akampelekea binti wa ukoo wake, aitwaye Wencheng, awe mkewe. Undugu huo haukuzuia vita. Mwaka 763 askari wa Tibet waliuteka Chang'an, mji mkuu wa China, wakaukalia kwa muda wa majuma mawili hivi.

Baada ya kupigana miaka mingi pande zote mbili zilichoka. Mwaka 821 na 822 wajumbe wao walikula kiapo, kwanza Chang'an, kisha Lhasa. Walipatana juu ya mpaka, tena wakaahidi kwamba hapana atakayeuvuka kwa vita. Mwaka 823 nguzo ya jiwe ilisimamishwa mbele ya hekalu la Jokhang mjini Lhasa, ikachongwa maneno ya mapatano kwa lugha zote mbili. Dola ya Tibet ilivunjika miaka michache baadaye, lakini nguzo ile ingali imesimama mpaka leo.

MLINZI NA MWALIMU

Nguvu za upanga zilipokwisha, Watibet walipata njia nyingine ya kukaa na wakubwa. Katika karne ya kumi na tatu Wamongoli waliishinda nchi baada ya nchi. Mwaka 1247 mwanachuoni mkuu wa Tibet, Sakya Pandita, alionana na Godan, mjukuu wa Genghis Khan, na baadaye mpwa wake Phagpa akawa mwalimu wa dini wa Kublai Khan. Hivyo ulianza mwafaka wa namna ya pekee: mfalme hulinda kwa silaha, naye mwalimu humfundisha dini na kumwombea. Hata jina la Dalai Lama lilitokana na mwafaka huo, kwani mwaka 1578 Altan Khan, mtawala wa Wamongoli, ndiye aliyempa kiongozi mmoja wa watawa wa Tibet. Maana ya "dalai" kwa Kimongoli ni bahari.

Wafalme wa China wa ukoo wa Qing waliifuata desturi hiyo. Mwaka 1720 jeshi lao liliingia Lhasa kuwafukuza Wadzungar, na tangu 1728 wakaweka huko wajumbe wa kudumu walioitwa amban. Mwaka 1792 jeshi lao tena liliwarudisha nyuma Wagurkha wa Nepal. Hapo ndipo ilipo asili ya ugomvi. Mwenye shamba humwita mlinzi, lakini mlinzi akikaa miaka mingi huanza kusema "shamba letu". Mjini Peking ulinzi ule ulihesabiwa kuwa enzi. Mjini Lhasa ulihesabiwa kuwa wajibu wa mwanafunzi kwa mwalimu wake.

MAPATANO BILA MWENYEJI

Ndipo walipokuja Waingereza kutoka Bara Hindi, wakitaka biashara na mpaka ulio wazi. Mwaka 1890 walipatana na China juu ya mpaka wa Tibet na Sikkim, lakini Watibet wenyewe hawakuulizwa. Nguzo za mpaka ziliposimamishwa mwaka 1895, Watibet walizibomoa. Gavana Mkuu wa India, Lord Curzon, alimwandikia Dalai Lama, na barua zake zikarudishwa bila kufunguliwa. Tena palivuma habari kwamba Urusi ilikuwa ikijipenyeza huko.

Basi mwaka 1904 Kanali Younghusband alipanda na askari. Mahali paitwapo Guru, tarehe 31 Machi, Watibet wenye magobori na panga walikabiliana na bunduki za Maxim, na watu mamia kadhaa wakauawa kwa muda mfupi. Tarehe 7 Septemba mkataba ulitiwa sahihi Lhasa, Tibet ikitozwa fidia ya rupia 7,500,000, ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa 2,500,000. Fedha hizo zililipwa na China, na kwa kusudi, maana alipaye deni la nyumba huonekana kuwa ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zilipatana mjini St Petersburg kwamba zitashughulika na Tibet kwa njia ya China tu. Safari hii pia Watibet hawakuwapo.

Ufalme wa Qing ulipoanguka, askari wa China walifukuzwa Lhasa mwaka 1912, na Dalai Lama wa kumi na tatu akajitawalia nchi yake. Katika baraza la Simla la 1913 na 1914 Watibet walikaa mezani pamoja na wengine. Lakini serikali ya China ilikataa kutia sahihi, na mstari wa mpaka uliochorwa na Sir Henry McMahon ukawa sababu mojawapo ya vita vya India na China mwaka 1962.

Mwaka 1950 jeshi la China liliingia Tibet, na tarehe 23 Mei 1951 wajumbe wa Tibet walitia sahihi mapatano ya vifungu 17 mjini Peking. Mwaka 1959 watu wa Lhasa waliasi, Dalai Lama wa kumi na nne akakimbilia India, akayakana mapatano yale akisema kwamba yalipatikana kwa kulazimishwa. Serikali ya China husema kwamba ni halali. Mwaka 2008 Uingereza nayo iliacha msimamo wake wa zamani, ikakubali kwamba Tibet ni sehemu ya China.

Katika mikataba hiyo yote, ule wa 822 ulifanywa na pande mbili zilizoogopana sawasawa, kila moja ikaapa mbele ya mwenziwe na kuandikiwa kiapo chake kwa lugha yake. Iliyofuata ilipata sahihi nyingi, lakini bado wako wanaobishana juu ya nani aliyekuwa na haki ya kuzitia.