Injini ya boti iliyolala ijaribiwe pipani kabla ya ziwani

MELI ya MV Uhuru ya Shirika la Reli la Kenya ilirejea kazini Ziwa Victoria mwishoni mwa 2019, baada ya kukaa zaidi ya miaka 10 bila kusafiri. Ilifufuliwa na mafundi wa reli wakisaidiana na Jeshi la Wanamaji. Mwenye boti ndogo aliyeihifadhi nyumbani Maseno, mbali na maji, hana kikosi hicho, lakini naye hana budi kufuata utaratibu.

Kwanza, petroli ya zamani itolewe yote. Ikikaa miezi mingi huharibika na kuacha utando unaoziba vitundu vya kabureta. Pili, plagi zifunguliwe, matone ya oili yatiwe ndani ya silinda, kisha injini izungushwe kwa mkono taratibu ili pistoni isikwaruze chuma kikavu.

Hatua ambayo wengi huiruka ni pampu ya maji. Injini hizi hupozwa kwa maji ya ziwa, yanayovutwa na kigurudumu cha mpira ambacho hukauka na kukatika kikikaa. Kibadilishwe, kisha injini iwashwe ikiwa imezamishwa ndani ya pipa la maji. Mkondo wa maji usipotoka, izimwe mara moja.

Katika Ghuba ya Winam, magugumaji huziba hata pampu nzima. Kwa hivyo safari ya kwanza iwe karibu na ufuo, makasia yawemo, na kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha.